Pongezi Nne Kwenye Mteremko wa Mbavu

Nchi yetu imebadilishwa jina mara tatu ndani ya miaka kumi, kwa hiyo sitalitaja hapa. Huenda likachakaa kabla msomaji hajafika mwisho wa ukurasa. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye amani, yenye mawaziri arobaini na mmoja, na gari moja la wagonjwa kwa kila wilaya, isipokuwa wilaya ambazo hazina.

Katika nchi hiyo ukubwa wa mtu hupimwa kwa taa zilizomo ndani ya gari lake. Walioanzisha jambo hili ni vijana wa mjini, waliobandika mikanda ya taa za LED chini ya viti na kuzunguka dashibodi, ili magari yao yaliyochoka kwa nje yapate angalau kung'aa kwa ndani. Serikali ilipiga marufuku mtindo huo siku ya Jumatatu, kwa sababu ulikuwa uhuni. Alhamisi ikauchukua, kwa sababu ulipendeza. Waraka ukatoka: diwani, rangi moja isiyobadilika; mkuu wa wilaya, rangi mbili; katibu mkuu, rangi nne za kupokezana polepole; waziri, rangi saba pamoja na nyota za darini. Rais alipewa rangi zote, zikiwemo ambazo bado hazijagunduliwa.

Fundi wa kazi hizo alikuwa mwanamke, Kabula Masanilo, fundi umeme wa magari kwa miaka kumi na tisa. Mjini hapakuwa na mikono mingine iliyoweza kufungua dashibodi bila kuvunja hata kishikizo kimoja cha plastiki. Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja: kabla ya kurudishia dashibodi aliwasha gari na kuhakikisha kila taa ya hatari inawaka na kuzimika inavyopaswa, ya oili, ya joto, ya chaji, ya breki. "Urembo ni wako," aliwaambia. "Hizi nne ni za mungu wako."

Mteja wake mkubwa alikuwa Mheshimiwa Dakta Chamwingi Mapande, Waziri wa Usafiri na Hadhi. Gari lake lilikuwa na vioo vyeusi, hivyo ndani yake taa zilionekana vizuri hata saa saba mchana. Miguuni palikuwa na taa ya zambarau. Mheshimiwa alipenda kula kuku akiwa safarini, na alipomaliza mfupa aliuachia hapohapo chini, ambapo zambarau ile iliung'arisha kama kitu cha makumbusho. Kila Ijumaa Kabula aliitwa kukwangua mafuta ya kuku yaliyoganda juu ya swichi za rangi. Alitumia kisu cha mezani na maji ya moto. Harufu haikutoka.

*

Dereva wa Waziri alikuwa Luhende Masanilo, kaka yake Kabula, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye kwa miaka ishirini na sita aliendesha magari ya serikali bila kugonga hata kuku. Siku moja walikuwa wakielekea wilaya ya mbali, ambako Mheshimiwa alikwenda kuweka jiwe la msingi la choo cha shule. Lilikuwa jiwe la tatu la choo hichohicho. Katikati ya pori Luhende alipunguza mwendo, akaegesha pembeni. Msafara mzima wa magari kumi na manne ukasimama nyuma yake.

"Mbona umesimama?" aliuliza Waziri.

"Taa ya oili imewaka, mheshimiwa."

"Izime."

"Haizimiki, mheshimiwa. Hii siyo ya urembo. Hii ni taa ya onyo."

Katibu muhtasi, aliyekuwa akitafuna, aliacha kutafuna.

"Taa ya nini?"

"Ya onyo, mheshimiwa."

"Anayeonywa ni nani?"

Luhende alifikiri. Hakuwa na mazoea ya kudanganya abiria. "Ni aliyemo garini, mheshimiwa."

"Aliyemo garini ni mimi."

"Hata mimi nimo, mheshimiwa."

"Wewe huonywi na taa. Wewe unaonywa na mimi. Endesha!"

Luhende aliendesha. Baada ya kilomita kumi na moja injini ikanoki, ikatoa mlio wa sufuria kuburutwa sakafuni, ikafa. Waziri alihamia gari la pili akiwa na paja la kuku mkononi.

*

Iliundwa kamati ya watu tisa, ikakaa siku arobaini katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa suala lenyewe lilikuwa zito. Kamati ilianza kwa kusoma Kanuni za Utumishi, ambazo zinasema wazi kwamba onyo hutolewa na mkubwa kwa mdogo, kwa maandishi, nakala tatu, baada ya mhusika kupewa nafasi ya kujieleza. Taa ile ilikuwa imempa onyo Waziri mwenye rangi saba, bila maandishi wala nakala, tena mbele ya katibu muhtasi wake. Mheshimiwa alieleza kwa uchungu kwamba katika faili lake la miaka thelathini na moja hapakuwa na onyo hata moja, hata mwaka ule zilipopotea treni mbili.

Kuhusu injini, matokeo ya kamati yalikuwa ya kisayansi. Kabla ya onyo injini ilikuwa nzima. Baada ya onyo ilikufa. Basi kilichoiua ni onyo. "Injini," ripoti ilisema ukurasa wa sabini na mbili, "ilivunjika moyo."

Ukatoka Waraka Namba 9. Taa zote nyekundu na za manjano katika dashibodi za magari ya serikali zingeng'olewa, na mahali pake zingewekwa LED za kijani, rangi ya matumaini. Neno "onyo" lingefutwa katika Kanuni zote za nchi, lisije likatumika tena vibaya. Na chini ya kila taa lingeandikwa neno ambalo mdogo anaweza kumwambia mkubwa bila kumvunjia heshima.

Kulipata neno hilo kulichukua siku sita za mwisho. "Samahani" lilikataliwa, kwa sababu linadokeza kwamba kuna kosa. "Karibu" lilikataliwa, kwa sababu wezi nao wanajua kusoma. "Shikamoo" lilielekea kupita, hata wajumbe wengine walikwishaanza kukusanya karatasi zao, mpaka mjumbe mmoja aliyekuwa amelala alipoamka na kuuliza: taa ikimwamkia Waziri, Waziri atalazimika kuitikia marahaba? Na ikiwaka safari nzima? Wajumbe wakatazamana. Ndipo lilipopitishwa, kwa makofi, neno "HONGERA".

Luhende hakufukuzwa. Kwa kosa la kutamka, alipelekwa wilaya ya Mbavu kuendesha gari la wagonjwa.

*

Kabula aliitwa na Bwana Sinde, Afisa Mwangaza wa Mbavu, cheo kilichoundwa kusimamia Waraka Namba 9. Bwana Sinde alikuwa na meza kubwa, na juu ya meza sahani ya maembe, na juu ya maembe inzi. Alizungumza huku akimenya.

"Utaanza na gari la hospitali. Taa nne, kijani kibichi. Herufi ziwe kubwa, watu wazima wazione bila miwani."

"Bwana Afisa," alisema Kabula, "taa ya breki ikisema hongera, dereva atajuaje kwamba breki zimekwisha?"

"Atajua zitakapokwisha."

"Akiwa mteremkoni?"

"Fundi, wewe umesoma umeme. Mimi nimesoma utawala. Kila mtu na fani yake." Alitema kokwa kwenye jalada la ripoti. "Hutaki, sema. Yuko bwana mmoja nyuma ya stendi, yeye anakata waya zote kwa koleo, halafu anabandika karatasi ya kijani. Anamaliza kwa nusu saa."

Kabula alitazama maembe, akatazama inzi. Alijua habari za bwana yule wa koleo. Waya ikikatwa hakuna kitakachowaka tena, iwe kijani au nyekundu. Akaichukua kazi. Tangu siku hiyo, alisema baadaye, kila alipoosha mikono aliona kama hajaiosha.

Alipomaliza alimwita kaka yake akae kwenye usukani.

"Kaka, nisikilize. Hongera ya kwanza kushoto ni oili. Ya pili ni joto. Ya tatu ni chaji. Hii ya pembeni kabisa ni breki. Rudia."

"Oili, joto, chaji, breki."

"Ukipongezwa na hii ya nne, simama. Hata kama umembeba Rais."

"Na zikinipongeza zote kwa pamoja?"

"Basi ujue umekuwa waziri."

Luhende alicheka mpaka akakohoa. Kabula hakucheka. Alimtaka arudie tena, na tena, mpaka mara ya saba.

*

Madereva huambiana. Wa Mbavu alimwambia wa wilaya jirani, na huyo akamwambia wa bohari ya dawa, na katika miezi miwili hapakuwa na dereva wa serikali aliyepongezwa bila kutetemeka. Kutoka kwa madereva neno likahamia kwa matingo, na kutoka kwa matingo likaingia sokoni, ambako hakuna waraka uliowahi kulitoa neno. Mtu ambaye paa lake lilitobolewa na mvua alisema nyumba imempongeza. Mgonjwa wa sukari aliyekatwa mguu alisema daktari amempa hongera mapema. Timu ya mji ilipofungwa mabao matano, uwanja mzima ulisimama na kuimba "Hongera! Hongera!", na golikipa akalia.

Wizara ilikuwa na kitengo cha kuhesabu furaha. Kilibaini kwamba neno "hongera" sasa lilitamkwa mara nne zaidi ya mwaka uliopita. Mheshimiwa Mapande alizisoma takwimu hizo bungeni na kusema kwamba taifa halijawahi kuwa na furaha kiasi hicho. Wabunge wa upande wake walipiga meza. Alipotoka nje umati ulimpungia mikono na kumpigia kelele: "Hongera, mheshimiwa! Hongera sana! Na bado!" Alishusha kioo cheusi ili asikie vizuri.

*

Siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, gari la wagonjwa la Mbavu lilikuwa likirudi kutoka vijiji vya juu. Nyuma alilala Nyabise, mjamzito aliyekuwa katika siku ya pili ya uchungu, na kando yake mama mkwe wake. Kulikuwa pia na magunia matatu ya mkaa na mbuzi mmoja, mali ya Bwana Sinde, ambaye alipanda akiwa safarini kukagua mwangaza. Mbuzi alikuwa amesimama kando ya kichwa cha mgonjwa na alifanya haja zake mara mbili. Mama mkwe alizifuta kwa khanga yake. Bwana Sinde, aliyekaa mbele, alifungua dirisha kwa sababu ya harufu.

Walipofika juu ya mteremko, mahali barabara inapoinama ghafla na korongo kuanza upande wa kushoto, kijani kiliwaka pembeni kabisa mwa dashibodi. Kikafuatwa na cha pili, na cha tatu, na cha nne. Luhende alikanyaga pedali ikazama mpaka chini. Alivuta hendibreki kwa mikono miwili, akakwangua tairi kwenye ukingo wa mawe, na gari likasimama hatua chache kabla ya mteremko wenyewe.

"Kuna nini?" aliuliza Bwana Sinde.

"Hatuteremki."

"Hongera zote nne zinawaka, Masanilo! Sijawahi kuona gari lenye afya kama hili."

"Hatuteremki, bwana mkubwa."

"Unabishana na chombo cha serikali?"

Luhende alishuka, akayakinga matairi kwa mawe, akafungua mlango wa nyuma. Kando ya barabara walikuwepo akina mama sita wakiponda kokoto. Aliwaita.

"Mama zangu, nina mzazi hapa. Gari limepongezwa."

"La!" mmoja alisema, akatupa nyundo. "Lote?"

"Lote, mama."

Hawakuuliza zaidi. Waliishusha machela na kuibeba watatu kwa watatu wakipokezana, wakitanguliwa na Luhende, mpaka zahanati ya chini, mwendo wa saa moja na robo. Nyabise alijifungua mlangoni, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

Juu mteremkoni, Bwana Sinde alibaki na mkaa wake, mbuzi wake, na taa nne za kijani. Alikuwa mtu aliyeziamini nyaraka za serikali, hasa zile alizozisaini mwenyewe. Aliondoa mawe, akaketi kwenye usukani, akashusha hendibreki. Mashahidi wanakubaliana kwamba mbuzi aliruka kwanza na Afisa akafuata. Afisa alipoteza meno mawili na kiatu. Gari lilipotea lote.

*

Wilaya ya Mbavu ina watu themanini na nne elfu. Kuanzia siku ile mpaka siku ya kikao cha nidhamu zilipita siku sabini na nne, na hapakuwa na gari jingine. Wagonjwa kumi na mmoja walikufia njiani wakiwa wamebebwa kwenye vitanda, milango na mabega. Watano kati yao walikuwa wajawazito, wawili walikuwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Idadi hiyo imo katika kumbukumbu za kikao, kipengele cha mwisho, chini ya "Mengineyo", baada ya suala la chai.

Chai ilikuwa na sambusa. Wajumbe walikula huku kesi ikiendelea, na mwenyekiti alipotaka kumnyooshea mtuhumiwa kidole alikilamba kwanza.

Luhende alishtakiwa kwa kukataa pongezi halali za chombo cha serikali, na kwa kukivunja moyo chombo hicho hadi kikajitupa korongoni. Bwana Sinde alitoa ushahidi kwa kutumia meno yaliyobaki. Kabula aliitwa kama mtaalamu, akakaa safu ya pili.

"Masanilo," alisema mwenyekiti, "taa ilikwambia hongera. Wewe ukasimama. Kwa nini?"

"Nilipongezwa mara nne ndani ya dakika moja, waheshimiwa. Nimeitumikia serikali miaka ishirini na sita, haijanipongeza hata siku moja. Nikaogopa."

Nyuma ya ukumbi mtu alicheka, akatolewa.

"Tujibu vizuri. Nani alikufundisha kwamba hongera ni ishara mbaya?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Kuna mtu. Taarifa tunazo. Ukimtaja tutakuonea huruma. Umebakiza miezi kumi na moja ustaafu. Usipomtaja, hutaendesha hata toroli."

Luhende aliangalia viatu vyake. "Hakuna mtu, mheshimiwa. Ni woga wangu tu."

Kabula akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilizifunga zile taa kwa mikono yangu. Nilimfundisha maana ya kila moja. Ya nne ilikuwa breki. Alifanya nilivyomwambia, na ndiyo maana yule mama yuko hai na mtoto wake. Kama kuna wa kushtakiwa, niko hapa."

Luhende alifumba macho. Mwenyekiti aliinamiwa sikioni na katibu, akatikisa kichwa, akafuta midomo.

"Kaa, fundi," alisema kwa upole. "Nyota tatu za darini kwa Mheshimiwa Waziri haziwaki tangu Jumanne. Hatuwezi kukushtaki mpaka ziwake. Katibu, usiandike hayo aliyosema."

Katibu hakuandika.

Ilipofika wakati wa adhabu, kikao kilikubaliana kumpa Luhende barua ya onyo kali na kumfuta kazi. Hapo ilibainika kwamba neno "onyo" halimo tena katika Kanuni, na kwamba ngazi zote za adhabu zilikuwa zimejengwa juu yake: onyo la mdomo, onyo la maandishi, onyo la mwisho, kufukuzwa. Waraka Namba 9 ulikuwa umezing'oa zote. Katibu alitafuta kwa dakika arobaini. Aina moja tu ya barua ndiyo iliyobaki ambayo serikali ingeweza kumwandikia mtumishi wake.

*

Kabula hakwenda kuzitengeneza nyota. Alifunga karakana, akasafiri kwenda Mbavu kukaa na kaka yake. Aliyeitwa badala yake ni yule bwana wa nyuma ya stendi, na tangu siku hiyo dari ya Mheshimiwa hutoa harufu ya plastiki iliyoungua, ambayo Waziri mwenyewe amewaeleza waandishi kuwa ni harufu ya teknolojia.

Tarishi alifika nyumbani kwa Luhende siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuta majirani wamekwishajaa uani. Habari ilikuwa imemtangulia. Wengine walikuja na unga, wengine na sukari, na akina mama wa kokoto walikuwa wamewasha moto na kubandika maji. Nyabise alikaa mkekani na mtoto mgongoni.

Luhende alisaini kitabu. Kwa kuwa hakuwa na miwani, Kabula alimsomea bahasha, kisha barua, kwa sauti, bila kuruka neno:

"Yah: HONGERA. Serikali inakupongeza kwa utumishi wako wa miaka ishirini na sita, ambao umekoma leo. Inakupongeza pia kwa kutoendesha tena chombo chochote cha moto, cha umma au cha binafsi, maisha yako yote. Inakupongeza kwa kupoteza kiinua mgongo. Nakala: Waziri, kwa taarifa na furaha."

Mama mmoja alijitanda khanga kichwani.

Tarishi alikuwa mtu mwenye adabu. Aliuweka mfuko wake chini, akavua kofia, akampa Luhende mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika ule wa kulia, na macho akayaelekeza ardhini.

"Hongera sana, kaka," alisema taratibu.

"Nimeshapoa," alijibu Luhende.